Kikombe cha Pili: kisa cha uzazi kutoka uwanda wa Kano

Alishuka kwenye bodaboda mbele ya kituo chetu saa 10.30 jioni, Alhamisi moja ya mwezi wa Aprili, mama mkwe akiwa amemkumbatia kwa nyuma asije akarushwa na mashimo. Mama mkwe alibeba mfuko wa nguo za mtoto, leso tatu na flaski. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na wanaoujua uwanda wa Kano, huku kaunti ya Kisumu, wanajua maana yake: udongo mweusi unanata miguuni, mto Nyando unafura, na barabara ya kwenda lami haina tofauti na mfereji wa shamba la mpunga.

Mimi ni muuguzi mkunga hapo. Kituo chetu ni cha ngazi ya 3, yaani juu ya zahanati na chini ya hospitali ya kaunti ndogo. Tunazalisha, tunachanja, tunamlaza mama usiku mmoja au miwili. Hatupasui, na damu ya kuongeza hatuna. Kutoka mlangoni kwetu hadi lami ni kilomita 9. Mama huyu ana miaka 26, mzaliwa wa Bunyore kule Vihiga, aliyeolewa huku Kano, na nyumbani kwao Kiswahili ndicho kinachomkutanisha na mama mkwe wake. Amenipa ruhusa nisimulie. Nimegeuza mambo machache ili asinyooshewe kidole sokoni.

Watu wakizungumzia mahali pa kuzalia huuliza nyumbani au hospitali, kana kwamba ni milango miwili unayochagua mmoja. Mama huyu alipitia mahali patatu kwa usiku mmoja. Kila mahali paliacha alama kwenye uchungu wake, na pale palipomuumiza zaidi hapakuwa hata chumba cha kuzalia.

Uzazi wa kwanza

Mimba ya kwanza, miaka minne nyuma, alizalia hospitali kubwa mjini Kisumu. Aliishi Nyalenda, mtaa wa mji huo, wakati huo na kila mtu alimwambia neno moja: nenda hospitali. Akaenda mapema mno, njia ikiwa imefunguka sentimita 3, kwa kuogopa kuchelewa. Akalazwa saa 2 usiku. Dadake akabaki nje ya geti kwa kuwa saa za kuona wagonjwa zilikuwa zimepita. Kitanda alilalia na mwenzake, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na hadi asubuhi hakuinuka ila kwenda haja. Alipolia aliulizwa kama alilia hivyo siku ile ya kuitafuta hiyo mimba. Saa 4 asubuhi akatundikiwa dripu ya kuongeza uchungu, saa 7 mchana akazaa, akakatwa njia na kushonwa. Saa 17 kwa hesabu yake. Mtoto mzima, mama mzima. Kwenye rejista huo ni uzazi wa kawaida usio na tatizo lolote.

Sitaki kumtupia lawama sista aliyekuwa zamu. Nimesimama kwenye wodi kama ile nikiwa mwanafunzi. Unajikuta wewe na mwenzako mna wanawake 11, watatu wanasukuma kwa pamoja, na glavu zimebaki boksi moja. Lakini mwili wa mzazi haujui habari za uhaba wa wauguzi. Oksitosini, homoni inayoubana mfuko wa uzazi, hutoka kwenye ubongo, na ubongo uliojaa hofu humwaga adrenalini inayovuruga kazi hiyo. Wafugaji wa huku walilijua hili bila darasa. Ng'ombe akianza kuzaa huingii zizini na tochi na watoto wa jirani. Unasimama mbali, unamwacha atulie. Binadamu tunamlaza chali chini ya taa na kumgombeza, kisha tunaandika kwenye faili kwamba uchungu umelegea.

Kulala chali kwenyewe kuna gharama. Mtoto na maji yake hulalia mishipa mikubwa ya damu mgongoni mwa mama, na uzito wote unaoweza kusaidia kichwa kushuka unapotea bure. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tiba, yaliona kwamba wanaotembea au kukaa wima katika hatua ya kwanza ya uchungu huifupisha kwa takriban saa 1 na dakika 22. Mapitio mengine ya 2017, ya majaribio 26 na wanawake zaidi ya 15,000, yaliona kwamba mzazi mwenye mtu wa kukaa naye muda wote huzaa upesi kidogo na hupasuliwa mara chache. Yule dada wa getini angeweza kuwa dawa. Halafu kuna suala la kulazwa mapema. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linahesabu uchungu wenyewe kuanzia sentimita 5, na linatuambia tusimharakishe mama kwa sababu tu njia haifunguki sentimita 1 kila saa. Kwa kipimo hicho, binti huyu wa Bunyore alikaa kitandani saa nyingi kabla leba yake haijaanza kuhesabiwa, na pengine ile dripu ilikuwa ya kutibu uchovu tuliomletea sisi.

Serikali ilipofuta ada ya kujifungua katika vituo vyake Juni 2013, akina mama walikuja kwa wingi. Takwimu za kitaifa za afya zinaonyesha waliozalia vituoni ni asilimia 61 katika utafiti wa 2014 na asilimia 82 katika ule wa 2022. Ni hatua kubwa, sibezi. Ila vitanda na wauguzi havikuongezeka kwa kasi ile. Mwaka huohuo wa 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya serikali Bungoma, na Machi 2018 Mahakama Kuu ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Wanawake wa huku wanaikumbuka kesi hiyo kuliko bango lolote la wizara. Na utafiti uliofanywa katika vituo 13 nchini, ambao matokeo yake yalichapishwa 2015, uliona kwamba mwanamke mmoja kati ya watano alidhalilishwa kwa namna fulani akijifungua. Kwa hiyo huyu wetu hakuwa na bahati mbaya ya pekee.

Aliponisimulia, alimalizia hivi: "Sista, sikuogopa uchungu. Niliogopa kitanda kile."

Kuchagua upya

Mimba ya pili ilipofika mwezi wa nane, mumewe alikuwa Nakuru kwenye mjengo na yeye hakutaka kubaki Nyalenda peke yake. Mama mkwe akampigia simu: "Njoo nyumbani, nyathina. Nitakushika." Mtoto wangu, alimaanisha, kwa Kijaluo. Akaja.

Alichotaka ni kuzaa pale bomani. Nyamrerwa, mkunga wa jadi wa kijiji kile, ni rika la mama mkwe na ndiye aliyempokea mume wake duniani. Ajabu ni kwamba aliyekataa ni nyamrerwa mwenyewe. "Siku hizi mimi nasindikiza tu," akamwambia. "Damu ikianza, mikono yangu haina kitu." Hekima hiyo sijaisikia kwenye semina. Wakakubaliana: uchungu uanzie nyumbani, mama atembee, apike, aoge maji ya moto, na ukikaza waje kituoni. Mpango mzuri. Kwa mama wa mtoto wa pili mwenye afya njema ningeuandika mimi mwenyewe.

Lakini hakuwa na afya njema kiasi hicho, na hapa naanza kujishtaki. Kitabu chake cha kliniki kilionyesha wiki ya 34 kiwango cha damu 9.8. Chini ya 11 mjamzito ana upungufu wa damu. Nilikiona. Nikampa vidonge vya chuma na foliki, nikamhimiza omena na mboga za kienyeji, nikamwambia arudi. Sikumwambia kwamba mwanamke mwenye damu 9.8 akipoteza lita moja si sawa na mwenye 12 akipoteza lita hiyohiyo. Sikumwambia kwamba kwa kiwango kile, na mvua zile, pengine ilifaa ahamie wiki za mwisho kwa dadake mjini, karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji na benki ya damu. Kwa nini sikumwambia? Kwa sababu nilikuwa nimeisikia hadithi ya kitanda, nikataka azalie kwetu. Nilitaka kumwonyesha kwamba kuna namna nyingine. Nia njema, lakini ilikuwa nia yangu.

Usiku wa Aprili

Alipofika njia ilikuwa sentimita 6, chupa ya maji haijapasuka, moyo wa mtoto 138, presha 112 kwa 70, uchungu unakuja mara 4 katika kila dakika 10. Nikafungua chati ya uchungu. Nikamwambia mama mkwe abaki, akashangaa kidogo. Tulikuwa tumetandika mkeka kando ya kitanda, na dirisha letu lina vyuma imara vya kushika. Nilipoiona ile flaski nilifurahi; mzazi anahitaji nguvu, na huwa nawahimiza walete uji. Taa nikazima moja.

Saa 11.15 nililetewa mtoto mwenye homa kali chumba cha pili nikatoka kwa kama dakika 20. Niliporudi alikuwa amepiga magoti, mikono kwenye vyuma vya dirisha, mama mkwe akimsugua kiuno na kumwimbia polepole. Ningependa ningeipiga picha ile hali. Saa 12 jioni njia ilikuwa sentimita 8. Ila uchungu ulikuwa umegeuka. Mara 6 kwa dakika 10, mmoja unamkuta mwingine hajamaliza kupumzika, na tumbo gumu kama meza. Mara 5 tunaiona sana. Ikizidi hapo mkunga anatafuta sababu, hasa pale ambapo hakuna aliyeweka dripu.

"Mama, kuna kitu umekunywa?"

"Chai, sista."

"Chai tu?"

"Chai tu."

Mama mkwe alikuwa anakunja leso ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

Saa 12.50 chupa ikapasuka, maji safi. Moyo wa mtoto ukashuka hadi 100 kwenye uchungu miwili mitatu kisha ukapanda, nikamgeuza mama alale ubavu wa kushoto, ukatulia. Saa 1.20 usiku akazaa kwenye mkeka, kwa magoti na mkono mmoja. Msichana, kilo 3.4, akalia kabla sijamfuta uso. Hakuchanika. Mama mkwe alipiga kigelegele ambacho walinzi wa mashine ya maji walikisikia. Ningemaliza hapa, hiki kingekuwa kisa cha kituo kidogo chenye utu kilichoishinda hospitali kubwa.

Nilimchoma oksitosini yuniti 10 pajani ndani ya dakika moja, nikamtandikia plastiki yenye mfuko wa kupimia damu. Mfuko huo ni kitu kidogo lakini umetuokoa na ugonjwa wa kukisia kwa macho. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na ulionyesha kwamba kupima hivyo na kutoa tiba zote kwa mkupuo mmoja kunapunguza kwa asilimia 60 visa vya kutokwa damu nyingi au kufa kwa ajili ya damu. Saa 1.31 kondo la nyuma likatoka. Nikaligeuza chini ya taa: ukingo mmoja ulikuwa umechanika, kama chapati iliyong'atwa. Saa 1.45 mfuko ulisoma mililita 500. Tumbo, lililokuwa gumu kama meza saa moja nyuma, sasa lilikuwa laini kama unga uliozidiwa maji.

Tiba zenyewe ni zile zile za kila kituo: nikasugua mfuko wa uzazi, nikaweka oksitosini kwenye dripu, gramu 1 ya asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, kwenye mshipa, nikaondoa mkojo kwa mpira, nikaingiza mkono na kutoa kipande cha kondo kilichobaki. Damu ikaendelea. Saa 2 kamili mfuko ulikaribia mililita 900. Mwenzangu aliitwa kutoka nyumbani akaja na makubazi. Saa 2.20 tuliweka puto, kondomu iliyofungwa kwenye mpira wa mkojo na kujazwa maji, ambalo hubana kuta za mfuko wa uzazi kwa ndani. Damu ikapungua hadi matone. Mpaka hapo ilikuwa imeshatoka lita 1.6, kutoka kwa mwanamke aliyeanza na damu 9.8.

Ambulensi nilikuwa nimeipigia saa 1.50. Ilikuwa safarini na mama mwingine. Ilipopatikana dereva aliniambia ukweli: "Sista, huko ndani siingii, nitakwama tukwame wote. Nitangojea kwenye lami." Aliyetutoa ni mkulima wa mpunga mwenye trekta. Walifunga godoro kwenye trela, wakatandaza turubai juu, mimi nikiwa nimeshika dripu na mwenzangu kifundo cha mkono wa mama, mama mkwe kamfungia mtoto kifuani. Tuliondoka saa 2.35 usiku. Kilomita 9 zilituchukua dakika 50. Saa 4.10 tukaingia hospitali ya rufaa Kisumu, presha 70 kwa 40, damu 5.6. Chumba cha upasuaji kilikuwa wazi. Walitoa kipande kingine cha kondo kilichojificha juu, wakamwongeza painti 3. Mfuko wa uzazi haukuondolewa. Siku ya tano akarudi nyumbani.

Kutoka mfuko uliposoma 500 hadi mlango wa hospitali ni saa 2 na dakika 25. Tunafundishwa kwamba damu ya baada ya kuzaa inaweza kuua ndani ya saa 2.

Mtaniruhusu nitoke nje ya kisa kidogo. Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2011 ambao watu hupenda kuutaja wakisema kuzalia nyumbani ni salama. Ulifuata wanawake zaidi ya 64,000 wasio na hatari maalumu. Kwa waliowahi kuzaa haukuona tofauti kubwa kwa mtoto kati ya nyumbani na hospitali, na waliopanga kuzalia nje ya wodi za madaktari walikatwa na kupasuliwa mara chache. Kwa mimba ya kwanza, watoto waliopata madhara walikuwa 9.3 kwa kila 1,000 kwa waliopanga nyumbani, dhidi ya 5.3 waliopanga hospitali. Hayo yananukuliwa. Kisichonukuliwa ni kwamba katika waliopanga kuzalia nyumbani mimba ya kwanza, asilimia 45 walihamishwa hospitali wakiwa na uchungu au punde baada ya kuzaa. Waliowahi kuzaa, asilimia 12. Kwa hiyo nyumba ya Uingereza katika utafiti ule ni nyumba pamoja na mkunga aliyesomea, simu inayopokelewa, gari linalofika na lami. Ukiikata barabara kutoka kwenye nyumba, umebakiwa na kitu kingine ambacho utafiti haukukipima. Kituo chetu vilevile. Siku ya jua ni kituo kilicho dakika 50 kutoka kwenye damu. Mwezi wa Aprili ni mahali pengine kabisa, hata kama kuta na mkunga ni walewale.

Kikaoni

Wiki mbili baadaye tulikaa kupitia kisa, kama tunavyotakiwa mama akiponea chupuchupu. Fomu inataka useme ucheleweshaji ulikuwa wapi: kuamua kutafuta huduma, kufika, au kuhudumiwa baada ya kufika. Ni mpangilio wa zamani na una manufaa. Tuliandika wa pili, barabara. Msimamizi akataka tuandike pia wiki ya 34, nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Tumeamua kwamba mwenye damu chini ya 10 anapewa mpango wa kuzalia penye damu, na kuanzia Machi hadi Mei tunamwomba asogee mapema kwa ndugu aliye karibu na lami. Mhudumu wa afya wa kijiji ndiye anayefuatilia. Namba ya mwenye trekta imebandikwa ukutani juu ya simu, na amekubali kulipwa mafuta tu.

Halafu ikabaki ile mara 6 kwa dakika 10. Mfuko wa uzazi uliofanyishwa kazi kupita kiasi huchoka, na ukichoka haubani tena mishipa pale kondo lilipobanduka. Kipande kilichobaki kilitosha kueleza damu, lakini sikuamini kwamba kilikuwa peke yake. Niliwaambia wenzangu: huyu alikunywa kitu, na aliniangalia usoni akanificha.

Nilimwendea mama mkwe bomani kwake, si kumhoji, nilikwenda kumwona mtoto. Tulikaa chini ya mwembe. Nikamwambia, "Mama, mimi sikuja kukamata mtu. Nataka nijue ili mwingine asife."

Akanyamaza, akasema, "Nilimpa dawa ya mizizi, kikombe kimoja, saa 8 mchana. Hata mimi nilikunywa, nikazaa saba."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Sista, wewe ndiye ulitufunza tusiseme."

Alikuwa kwenye benchi la kliniki wiki tatu kabla ya uzazi, amemsindikiza mkaza mwana. Siku hiyo kulikuwa na msichana mmoja aliyekiri kunywa dawa za kienyeji, na mimi, foleni ikiwa ndefu na kichwa kinauma, nilimgombeza mbele ya benchi zima. Nilimwuliza kama anataka kuua mtoto. Nakumbuka watu walivyocheka. Niliwatazama kama watu walioelewa somo. Na kweli walilielewa: hapa ukisema ukweli unaaibishwa.

Hiyo haimo kwenye fomu. Chumba changu chenye mkeka na taa moja kilikuwa kimeshaharibiwa wiki tatu kabla, kwenye benchi la mbao lililo mita 10 kutoka pale. Ningejua kuhusu dawa saa 10.30 jioni, barabara ikiwa bado inapitika kwa taabu, njia sentimita 6 na ni mtoto wa pili, huenda ningempa rufaa mapema. Huenda ningebaki naye na kuita trekta ikae uani. Moja kati ya hayo ningelifanya. Mwanamke anachagua mahali pa kuzalia kwa kuangalia nani atamtukana na nani hatamtukana, nasi tunadhani anaangalia vifaa.

Swali letu sasa tumelibadilisha. Hatuulizi tena "umekunywa kitu?" kwa sauti ya polisi wa barabarani. Tunauliza, "Nyumbani mlianza na nini?", na tunauliza mlango ukiwa umefungwa. Mwezi wa kwanza, kati ya waliokuja na uchungu, wanne walijibu bila kusita. Nyamrerwa tumempa kiti chake kwenye chumba cha kusubiria, na akija na mtu huanza yeye kutueleza.

Ila kulikuwa na jambo ambalo halikunikalia sawa. Chati yangu ilionyesha uchungu wa kawaida kabisa saa 10.30, saa mbili na nusu baada ya kile kikombe. Ulikuja kugeuka kati ya saa 11.30 na 12. Dawa gani inalala saa tatu ndipo iamke? Niliandika alama ya kuuliza pembeni nikaiacha.

Wiki ya sita walikuja kliniki wote watatu. Mtoto amenona, damu ya mama imefika 10.4, anameza vidonge vyake na chungwa. Alipokwenda kumchanjisha mtoto, mama mkwe alibaki kwenye kiti changu. Akafungua kikapu, akatoa mizizi iliyofungwa kwenye gazeti, akaiweka mezani. "Ndiyo hii. Usiipeleke kwa chifu."

Nikamshukuru. Alikuwa bado hajainuka.

"Sista, ile flaski haikuwa ya uji."

Nikakumbuka nilivyoifurahia.

"Vilikuwa vikombe viwili. Cha pili alikunywa hapa kwako, ulipoenda kwa yule mtoto wa homa."

Nilivuta faili, nikatafuta ile alama ya kuuliza, na mbele yake nikaandika: saa 11.15 jioni.